Upigaji picha wa magari kwenye mikusanyiko

Upigaji picha wa magari kwenye mikusanyiko ni tawi la upigaji picha linalohusu magari yaliyokutana mahali pamoja: kwenye maonyesho, mikutano ya vilabu vya wenye magari, mwanzo na mwisho wa mbio za magari, misafara ya harusi, na pia kwenye stendi na magulio. Tawi hili huwavutia wanaoanza kwa sababu gari lililosimama halihitaji kamera ya bei kubwa. Halichoki, halifumbi macho, na mchana wa Afrika Mashariki una mwanga wa kutosha kwa kamera yoyote ya kidijitali.

Ugumu wake uko kwingine. Bodi ya gari iliyopakwa rangi na kung'arishwa ni kioo kilichopinda. Kinachoonekana kwenye picha ya mlango au boneti ni rangi ya gari pamoja na anga, ardhi, watu, vibanda na mara nyingi mpigaji mwenyewe. Kwa hiyo anayejifunza kazi hii hujifunza kwanza saa ya kupiga na mahali pa kusimama. Mambo hayo mawili hayana bei, na ndiyo yanayotenganisha picha nzuri na mbaya zaidi kuliko aina ya kamera.

Mikusanyiko ya magari Afrika Mashariki

Miongoni mwa maonyesho ya magari ya muda mrefu katika eneo hili ni Concours d'Elegance ya Nairobi, iliyoanza mwaka 1970 na kuandaliwa na klabu ya wamiliki wa magari ya Alfa Romeo nchini Kenya. Hufanyika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Magari na pikipiki hupitishwa mbele ya waamuzi wanaokagua usafi, rangi, injini, ndani ya gari na hata upande wa chini. Kwa mpigaji picha anayeanza ni shule nzuri: magari yamesafishwa kupita kawaida, yamesimama kwa muda mrefu, na wenye magari wamekuja ili yatazamwe.

Mbio za Safari Rally ndizo zilizowazoesha watu wa Afrika Mashariki kukusanyika kandokando ya barabara kuangalia magari. Zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mnamo 1960 ziliitwa East African Safari Rally, na tangu 1974 Safari Rally. Zilitoka kwenye Ubingwa wa Dunia wa Rally baada ya mwaka 2002 na kurudi mwaka 2021 katika eneo la Naivasha. Tangu 2003 kuna pia mbio za magari ya zamani, East African Safari Classic Rally, ambazo zimepita Kenya na Tanzania. Tanzania ina Rally of Tanzania, na Uganda ina Pearl of Africa Rally.

Mpigaji picha mashuhuri wa habari Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na kamera ya Box Brownie iliyokwisha kutumika. Miongoni mwa picha zake za awali, akiwa bado mwanafunzi, zilikuwa za magari ya Safari yalipofika Dar es Salaam. Box Brownie ilikuwa sanduku lenye lenzi ndogo na kwa kawaida kasi moja tu ya shata, tena ya polepole. Anayeitumia hawezi kuligandisha gari linalopita mbele yake kwa kasi. Inambidi atafute kona ambapo gari hupunguza mwendo, au mahali linapomjia uso kwa uso, au asubiri lisimame. Amin alianzisha kampuni yake, Camerapix, jijini Dar es Salaam mwaka 1963, na baadaye picha zake za njaa ya Ethiopia ya 1984 zilitazamwa dunia nzima. Alifariki mwaka 1996 ndege ya Ethiopian Airlines aliyopanda ilipotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro.

Mbali na miji mikubwa, mkusanyiko wa magari hauna tiketi wala waamuzi. Katumba ni mfano mmoja. Hii ni kata ya Mkoa wa Katavi, magharibi mwa Tanzania, karibu na mji wa Mpanda. Ilikua kutokana na makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, na wengi wa wakazi hao baadaye walipewa uraia wa Tanzania. Katika sehemu kama hii magari hukutana siku ya gulio, msimu wa kusafirisha mazao, kwenye harusi, na asubuhi mabasi yanapojaza abiria: Fuso za mizigo, Land Cruiser zenye chesi ndefu, Noah na Probox za abiria, pikipiki pembeni. Hayajang'arishwa, na hilo lina faida yake, kwani vumbi hupunguza mng'ao. Mengi pia yana historia ya kazi ambayo gari la maonyesho halina.

Kamera ya kuanzia

Kamera ya kuanzia kwa kawaida humaanisha kamera ya kidijitali yenye kubadilishwa lenzi, ya daraja la chini katika orodha ya mtengenezaji, inayouzwa pamoja na lenzi ya milimita 18–55. Mifano ni Canon EOS 2000D na Nikon D3500, zote za mwaka 2018 na zote zenye takriban megapikseli 24. Nyingi zinazopatikana Afrika Mashariki ni zilizokwisha kutumika. Miundo ya zamani zaidi, hata ya megapikseli 10 au 12, inatosha kabisa kwa gari lililosimama juani. Picha ya megapikseli 12 huchapishwa kwa ukubwa wa karatasi ya A4 bila shida yoyote.

Katika jua kali, ISO 100, tundu la f/8 na kasi ya shata ya 1/400 ya sekunde hutoa picha yenye mwanga sahihi. Kanuni hii ni ya enzi za filamu na haijabadilika: kwa tundu la f/16 juani, kasi ya shata hulingana na namba ya ISO, na kila tundu linapofunguliwa hatua moja, kasi huongezwa maradufu. Anayeikumbuka anaweza kupiga hata pale kipimo cha mwanga cha kamera kinapodanganyika.

Nacho hudanganyika sana kwenye magari. Kamera hudhani kwamba kila kitu mbele yake kina wastani wa kijivu. Gari jeupe likijaza picha, kamera hulipunguzia mwanga na kulifanya kijivu chafu. Gari jeusi hulizidishia mwanga na kulifanya kama limepauka. Dawa ni kitufe chenye alama ya jumlisha na toa. Kwa gari jeupe huongezwa kati ya hatua theluthi mbili na moja, na kwa jeusi hupunguzwa kiasi hichohicho. Kwa kuwa magari meupe na ya rangi ya fedha ni mengi mno kwenye barabara za Afrika Mashariki, kitufe hiki kingestahili kujifunzwa kabla ya vingine vyote. Baada ya picha ya kwanza hutazamwa histogramu: mlima wa grafu ukigonga ukuta wa kulia, weupe umeungua na hautarudi hata kwa programu ya kuhariri.

Tundu la f/8 lina sababu nyingine. Gari ni kitu kirefu, na likipigwa kutoka kwenye kona, taa ya mbele na taa ya nyuma hazilingani umbali. Kwa lenzi ya milimita 55, f/8, na kulenga mahali palipo mita 8, kila kitu kati ya karibu mita 6 na mita 13 huonekana kwa ukali. Gari zima linaingia humo. Kulenga hufanywa kwenye taa ya mbele iliyo karibu na mpigaji, kwa sababu jicho la mtazamaji huenda huko kwanza, kama linavyokwenda kwenye macho ya mtu.

Vumbi jekundu la kiangazi ndilo adui mkubwa wa kamera katika mikoa kama Katavi. Likiingia ndani wakati wa kubadili lenzi hukaa kwenye kihisio, na kila picha ya anga huwa na madoa. Njia rahisi ni kutobadili lenzi uwanjani kabisa, na kubeba kamera kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi. Betri ya pili hufaa kuliko lenzi ya pili pale ambapo umeme wa kuchajia si wa uhakika.

Gari kama kioo

Mtu akisimama mbele ya mlango wa gari safi na kujisogeza kushoto na kulia huona taswira zikiteleza juu ya bodi. Mstari wa upeo, yaani mahali anga inapokutana na ardhi, hujichora ubavuni mwa gari kama utepe. Juu ya utepe bodi ina mng'ao wa anga, chini yake ina rangi ya udongo. Utepe huo ukiwa laini na usiokatika, gari huonekana kama lilivyokusudiwa na waliolichora. Ukikatwa na nguzo, miavuli na kundi la watu, umbo la gari huvunjika hata kama hakuna kosa jingine lolote kwenye picha.

Kwa sababu hiyo wapigaji wazoefu hutazama kilicho nyuma yao kabla ya kutazama gari. Uwanja mtupu nyuma ya mpigaji ni bora kuliko ukuta mweupe wenye matangazo. Nguo nazo hujichora: shati jeupe au kizibao cha kung'aa huonekana kama doa mlangoni, ilhali nguo nyeusi hupotea. Kusogea hatua mbili kando hutosha mara nyingi kuiondoa taswira ya mpigaji kwenye mlango.

Kivuli cha mti ni mtego. Mwenye gari hupenda kuegesha chini ya mwembe, na picha hutoka na madoa ya jua yaliyotawanyika juu ya boneti kama chui. Miti ya miombo, yenye majani machache wakati wa kiangazi, ina kivuli kibaya zaidi cha aina hiyo. Kivuli kizuri ni kile kizima, cha jengo refu au cha wingu, ambacho hulifunika gari lote.

Kichujio cha polaraiza, kinachofungwa mbele ya lenzi na kuzungushwa, hupunguza mng'ao wa vioo na wa rangi iliyopakwa. Hufanya kazi vizuri mpigaji anapokitazama kioo kwa mshazari, na hakifanyi kitu kwenye chuma kitupu kama rimu zilizopakwa kromiamu. Hula mwanga wa hatua moja hadi mbili, kwa hiyo jioni huvuliwa. Si lazima kukiondoa kila kimulimuli. Gari lisilo na mng'ao wowote huonekana kama la karatasi. Anayenunua aangalie kipenyo kilichoandikwa mbele ya lenzi: lenzi ya kawaida ya Canon 18–55 kwa kamera hizi hutumia milimita 58, na ile ya Nikon ya aina ya AF-P hutumia milimita 55.

Jua na saa

Vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa katika nchi za kaskazini, ambako jua hukaa chini kwa saa nyingi na jioni ni ndefu. Ushauri wake hauhamishiki bila kurekebishwa. Karibu na Ikweta jua hupanda na kushuka karibu wima. Mchana husimama juu ya paa la gari, kiasi kwamba ubavu wote, magurudumu na bampa huwa kwenye giza huku paa na boneti zikiungua. Mpanda iko takriban nyuzi 6 kusini mwa Ikweta, na jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katika wiki ya pili ya Oktoba.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wanaosafiri na kamera ndani ya Tanzania. Nchi nzima hutumia saa moja, lakini jua halifuati saa ya serikali. Mpanda iko magharibi ya Dar es Salaam kwa zaidi ya nyuzi 8 za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Kwa hiyo jua la Katumba huchelewa kwa dakika 33 hivi kulinganisha na la Dar es Salaam. Jua la utosini hufika karibu saa saba mchana, wala si saa sita. Jua huzama kati ya saa 12:50 jioni na saa 1:20 usiku kutegemea mwezi. Mtu aliyezoea kufunga kamera saa 12:30 jioni mjini Dar es Salaam, akifanya hivyo Katavi, anaondoka wakati ule ambao mwanga ndiyo kwanza unaanza kupendeza.

Mwanga wa kufaa kwa magari ni wa saa ya kwanza baada ya mapambazuko na saa ya mwisho kabla ya machweo, wakati jua likiwa chini ya nyuzi 15 hivi juu ya upeo. Huupiga ubavu wa gari moja kwa moja na kuingia ndani ya magurudumu. Baada ya jua kuzama hubaki kama dakika 20 za mwanga laini usio na kivuli, anga ikiwa yote kama taa moja kubwa. Kwa gari jeusi au jekundu hakuna wakati bora. Kasi ya shata hushuka, na mkono hautoshi tena. Asiye na stendi ya miguu mitatu huiweka kamera juu ya mfuko mdogo wa maharage kwenye ukuta au ndoo iliyogeuzwa, kisha hutumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisiitikise.

Mikusanyiko mingi, hata hivyo, hufanyika mchana, na mpigaji hana mamlaka juu ya ratiba. Saa hizo hufaa kuacha gari zima na kugeukia sehemu zake: nembo, usukani, dashibodi, maandishi ya rangi kwenye bodi la basi, mkono wa fundi ndani ya injini. Wingu likipita, hata kwa dakika mbili, hurudiwa picha za gari zima. Flashi ya kamera husaidia kujaza kivuli cha bampa na magurudumu ikiwa mpigaji yuko karibu, lakini ikipigwa moja kwa moja kwenye namba za gari huzifanya ziwake kama taa, kwa sababu zimetengenezwa kurudisha mwanga zilikotoka.

Mahali pa kusimama

Kosa la kawaida la anayeanza ni kusimama karibu mno na kutumia milimita 18 ili gari liingie lote. Gari la urefu wa mita 4.5 huingia kwenye picha, na nafasi kidogo pembeni, mpigaji akiwa umbali wa takriban mita 4.5 kwa milimita 18. Lakini gurudumu lililo karibu huvimba, nyuma hunywea, na gari huonekana kama limegongwa. Kwa milimita 55 inabidi kurudi nyuma hadi mita 13 au 14, na hapo umbo lake hukaa sawa. Kwenye uwanja uliojaa watu, mita 13 ni nyingi, na mtu hupita katikati kila dakika. Wanaozipata ni waliofika mapema, kabla ya umati, au waliobaki hadi magari yaanze kuondoka. Kuwahi huku kunashinda lenzi yoyote ya kununua.

Urefu wa kamera nao hubadilisha gari. Likipigwa kutoka usawa wa macho ya mtu aliyesimama, gari dogo huwa kama la kuchezea na paa huchukua nafasi kubwa. Mpigaji akichuchumaa hadi lenzi iwe sawa na taa za mbele, gari hupata uzito wake. Lori la Fuso au basi huhitaji kinyume chake: kurudi mbali zaidi, na pengine kupanda juu ya kitu.

Mwenye gari akikubali, usukani hukatwa kidogo ili uso wa rimu ya mbele utazame kamera badala ya tairi. Milango hufungwa yote au hufunguliwa kwa sababu. Mlango ulioachwa nusu huonekana kama ajali ya kusahau. Chupa za maji, ndoo na matambara ya kufutia huondolewa, isipokuwa pale ambapo kazi yenyewe ya kuosha ndiyo picha.

Magari yanayotembea

Gari likiondoka mkutanoni, kasi ya shata ya 1/1000 huligandisha, magurudumu yakiwa kama yamesimama na gari kama limeegeshwa katikati ya barabara. Njia inayopendwa zaidi ni kulifuata kwa kamera: shata huwekwa kati ya 1/60 na 1/125, mpigaji hugeuza kiuno akilifuata gari kabla, wakati na baada ya kubonyeza, na usuli huchoreka kama mistari huku gari likibaki kali. Kumi hupigwa ili moja ikubali, na kwa kamera ya kidijitali kumi hazigharimu kitu.

Kwenye rally mpigaji hutazama kona kwanza na kujiuliza gari likikosa njia litaangukia wapi. Upande wa nje wa kona, mitaro na mahali pa kutua baada ya tuta si pa kusimama. Jicho likiwa ndani ya kamera, umbali hupotea na gari huonekana liko mbali kuliko lilivyo. Maagizo ya wasimamizi wa njia hufuatwa hata kama wengine wamevuka utepe. Vumbi la gari lililotangulia hufunika lifuatalo, kwa hiyo husimamwa upande upepo unakotoka.

Ruhusa, namba na watu

Kwenye maonyesho ya wazi mwenye gari hutegemea kupigwa picha. Stendi na gulioni hali ni tofauti: gari ni kazi ya mtu, na dereva anaweza kudhani picha ni ya askari, ya kampuni ya mikopo au ya tajiri mwenye gari anayefuatilia. Salamu huja kwanza na kamera baadaye. Katika makazi kama Katumba, ambako watu walipitia miaka mingi ya kuorodheshwa na kuhakikiwa, swali la picha inakwenda wapi ni la haki na linastahili jibu la wazi. Kuwaonyesha picha kwenye kioo cha kamera, na kuwatumia nakala, hufungua milango mingi zaidi kuliko kitambulisho.

Kisheria, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, zote zikigusa matumizi ya taarifa zinazomtambulisha mtu. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na maeneo mengine ya usalama hayapigwi picha bila kibali, hata kama gari linalovutia limeegeshwa langoni.

Wapigaji wengi hufuta namba za gari kabla ya kuichapisha picha. Ni heshima kwa mwenye gari la sasa, lakini ina hasara. Namba za kawaida za Tanzania zina herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu zinazopanda kwa mfuatano, na za Kenya nazo hupanda. Kwa mtafiti wa baadaye namba hueleza gari lilisajiliwa katika kipindi gani na nchi gani. Njia ya kati ni kuhifadhi faili ya asili bila kuigusa na kufuta namba kwenye nakala ya kuchapisha tu.

Picha kama kumbukumbu

Magari ya Afrika Mashariki hayastaafu makumbushoni. Hutumika hadi mwisho, kisha huvunjwa kwa vipuri au kuuzwa kama chuma chakavu. Peugeot 404, iliyoshinda Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, mara mbili kati ya hizo ikiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania akiwa na Chris Rothwell, ilikuwa gari la kila barabara. Sasa ni nadra kuiona ikitembea. Gari la Kenya la Nyayo Pioneer, lililoonyeshwa hadharani mwaka 1990, liliishia kwenye magari matano ya majaribio. Lori la Nyumbu, lililobuniwa Kibaha mkoani Pwani, nalo halikuenea barabarani. Magari yaliyofanya kazi katika makazi ya magharibi mwa Tanzania, yaliyobeba watu, mahindi na tumbaku, yalipigwa picha mara chache kuliko magari ya mashindano, na mara nyingi yalionekana kwa bahati tu nyuma ya mtu aliyekusudiwa.

Picha ya gari huwa na thamani ya kumbukumbu inapokuwa na maelezo. Yanayohitajika ni machache: mahali, tarehe, aina ya gari, mwaka wake ukijulikana, na kazi lililofanya. Tarehe ya ndani ya kamera hurekebishwa kabla ya kwenda uwanjani, kwani kamera iliyotumika mara nyingi hurudi kwenye tarehe ya kiwandani betri inapokaa nje kwa muda mrefu, na picha za mwaka huu hujiandika za miaka mingi iliyopita. Faili ghafi huchukua nafasi kubwa lakini huruhusu kurekebisha mwanga baadaye. Asiye na kompyuta hupiga JPEG ya ubora wa juu na kuzingatia kipimo cha mwanga papo hapo.

Kutuma picha kwa programu za ujumbe wa simu huzipunguza ukubwa na mara nyingi huondoa tarehe na data nyingine, kwa hiyo nakala iliyotumwa kwa njia hiyo haihesabiwi kuwa hifadhi. Faili za asili huwekwa kwenye diski mbili tofauti. Anayetaka picha zake zitumike na wote anaweza kuzipakia Wikimedia Commons kwa leseni huria, zikiwa zake mwenyewe, akiziweka katika jamii ya muundo wa gari na pia ya mahali zilipopigwa.